Bati Jembamba Halipigwi Grenda

Dereva wa teksi alilizunguka gari lake, akachuchumaa, akainamisha kichwa kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, kisha akauliza kwa upole. Upole ule wa kutisha.

"Dada, hapa nimechorewa mstari au nimechorewa nyoka?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Msasa peke yake hakucheka. Ule mstari mweusi ubavuni mwa gari aliuvuta kwa mkono wake mwenyewe, pumzi kaibana, na alipomaliza aliuona umenyooka kama uzi. Shida ni kwamba aliiona mistari miwili, mmoja wa kweli na mwingine kivuli chake, na yeye akafuata kivuli.

"Huyo nyoka hana sumu," akasema Nyundo, kaka yake, akitoka uvunguni mwa gari jingine huku anajifuta mikono. "Liache gari, jioni utalikuta limenyooka." Dereva alipoondoka, akamsogelea mdogo wake na kushusha sauti. "Umefikicha macho tena?"

Sasa sikia, ili umwelewe Msasa lazima uielewe hiyo gereji. Baba yao alipofariki aliwaachia kibanda cha mabati, mashine ya kuchomelea, grenda ya kusagia chuma na jina zuri. Nyundo, ndiye mkubwa, akashika moto na nyundo: kazi yake kunyoosha yaliyobonyea na kuunga yaliyokatika. Mdogo wake, tangu hajafikia kimo cha tairi la lori, alikaa chini na kipande cha msasa akilainisha puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, mpaka jina la kuzaliwa likasahaulika. Akawa Msasa. Alipokua akawa mpiga rangi, na si mpiga rangi wa kubahatisha! Gari likipita kwa hao wawili, hata kiwanda kilicholizaa kisingekwambia liligongwa wapi.

Ila vumbi la puti linawasha. Na Msasa alikuwa anafikicha macho tangu utotoni, kwa vifundo vya vidole, kama anafua soksi.

Kulikuwa na ufundi mmoja waliofundishwa na baba yao. Bati likishapakwa rangi, unawasha taa ndefu ya mrija juu yake, halafu hulitazami bati. Unaitazama taa iliyomo ndani ya rangi. Taa ikionekana imenyooka, bati limenyooka. Taa ikijikunja, hapo pana bonde, rudi na puti yako. Msasa alikuwa bingwa wa hiyo. Alikuwa. Siku hizi taa zote zilijikunja, hata juu ya kioo cha dirisha.

Basi baada ya nyoka wa teksi akajipeleka kliniki ya macho.

Akawekwa kidevu mbele ya mashine yenye miduara ya mwanga, mdogo ndani ya mkubwa, akaambiwa asipepese. Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akamwonyesha picha kwenye kompyuta. "Hii miduara unayoiona ni mwanga ule ulivyojionyesha juu ya jicho lako. Kwa jicho zima inakuwa mviringo. Yako imevutika kama yai, imesukumwa chini."

Msasa akaruka kwenye kiti. "Kumbe mnatazama kama sisi!"

"Kama nyinyi nani?"

"Sisi wa mabati! Hamwangalii jicho, mnaangalia taa iliyo ndani ya jicho!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Basi umenipunguzia kazi, maana utanielewa upesi."

Akamweleza. Kile kioo cha mbele cha jicho kinaitwa konea. Yake imekuwa nyembamba na laini, na kwa kuwa ndani ya jicho kuna msukumo, inabinuka kwenda mbele kama pia ya watoto. Ugonjwa wenyewe unaitwa keratokonasi. Kufikicha ni kuumwagia petroli.

"Nataka nikufanyie mambo mawili kwa pamoja," akasema daktari. "Kwanza leza. Inakwangua kidogo sana, pungufu ya unene wa unywele, kusawazisha pale palipopinda. Halafu hapo hapo nakudondoshea dawa ya vitamini, ya njano, na kukumulikia mwanga wa zambarau. Dawa na mwanga vikikutana, nyuzi za konea zinashikana, inakuwa ngumu, haibinuki tena. Leza peke yake kwa jicho kama lako ni hatari. Kukaza peke yake kunausimamisha ugonjwa, lakini mabonde mengi yanabaki palepale. Vyote viwili ndiyo vitakurudisha kwenye mistari yako."

"Sasa tunangoja nini?"

"Mashine ya leza tunaipata kwa zamu, tutakupigia. Lakini nisikilize vizuri. Leza inataka konea yenye unene wa kutosha. Sasa hivi unao, kwa kubanabana. Ikizidi kuwa nyembamba, leza basi. Nitakukazia tu, halafu utavaa lenzi ngumu juu ya jicho ili uone."

"Lenzi juu ya jicho, kwenye vumbi la puti?"

"Ndiyo maana nakuharakisha."

Pale mapokezi dada mmoja akamwomba namba ya simu. Simu ya Msasa siku hiyo ilikuwa marehemu. Ilikuwa imetumbukia kwenye kopo la tina, ile ya kuzimulia rangi, ikatoka imetakata kama sahani na imekufa kabisa. Akatoa namba ya kaka yake. Hata hakufikiri. Aliitoa kama mtu anavyotaja jina la baba yake.

Jioni akamsimulia Nyundo yote, maneno yakimtoka mbiombio. Nyundo alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Ngoja. Wanasema bati limekuwa jembamba."

"Konea, kaka."

"Hilo hilo. Limekuwa jembamba, na wao wanataka kulikwangua."

"Kidogo tu! Pungufu ya unywele."

"Halafu wakuwashie mwanga wa zambarau. Ndani ya jicho." Nyundo akasukuma sahani. "Mwanga huo naujua, we mtoto. Ndio ule ule wa kuchomelea. Umenipata mara ngapi, kofia ikiniponyoka? Nimelala na kitambaa cha maji usoni, macho yamejaa mchanga, nalia kama kichanga. Bati jembamba halipigwi grenda, mdogo wangu. Linatoboka. Na likishatoboka, moto hauliungi, unalimaliza."

"Daktari anajua anachofanya, kaka."

Nyundo akaivuta tena sahani. Mwisho akasema, "Sawa. Tungoje simu yao."

Wiki ile ile akaja msimamizi wa gereji ya mabasi, ile kubwa iliyo ng'ambo ya barabara. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akamwambia Msasa mbele ya watu wote, "Nimesikia unaenda kutibiwa macho. Yakikaa sawa, vuka barabara. Nina mabasi yanataka mkono kama wako." Msasa akacheka kwa furaha, akamgeukia kaka yake aone kama amesikia. Nyundo alikuwa ameshusha kofia yake ya kuchomelea usoni, ameinama juu ya bati. Lakini cheche hazikutoka.

Wakaanza kungoja simu.

"Kaka, wamepiga?"

"Bado."

"Kaka, leo je?"

"Foleni ndefu, bibi wee. Unadhani mwenye macho ni wewe peke yako?"

Mvua zikaja, zikakatika. Hata angenunua simu mpya, angeisoma kwa kuibandika puani, kwa hiyo akaona ya nini kuhangaika, namba ya kaka ipo. Taa za magari zikawa vishada. Wifi yake, mke wa Nyundo, akawa ndiye anayemsomea makopo ya rangi: "Hili ni la kijani, wifi. Hapana, weka chini, hilo siyo rangi kabisa." Mistari akaacha. Kisha Nyundo, kwa huruma kabisa, akamrudisha kwenye kulainisha puti, kazi ya kiganja, isiyohitaji macho. Mpiga rangi bingwa akarudi chini sakafuni alikoanzia utotoni. Na watu waliposema hiyo kliniki ni ya ovyo, inasahau wagonjwa, ni Msasa aliyewatetea! "Kaka anafuatilia," alisema. "Kaka yangu hawezi kunisahau."

Siku aliyomwaga kopo zima la rangi nyeupe akidhani ameliweka juu ya meza, alinawa mikono, akavuka barabara akisikiliza honi kuliko kutazama, akaenda kliniki mwenyewe.

Dada wa mapokezi alimtambua. "He! Wewe! Kumbe umebadilisha mawazo?"

"Mawazo gani?"

"Si uligoma? Nilipiga, akapokea kaka yako. Akasema umeghairi, utavaa miwani tu. Daktari akasisitiza, nikapiga tena. Siku hiyo alikuwa mkali! Akaniambia niache kumsumbua dada yake."

Msasa akacheka. Jamani, alicheka kweli. "Utakuwa ulikosea namba, dada yangu. Kaka yangu mimi?"

Yule dada akaisoma namba, tarakimu moja moja. Kila tarakimu Msasa aliijua kabla haijatamkwa, maana ilikuwa imeandikwa ukutani mwa gereji, tarakimu nyekundu zenye kivuli cheusi, na aliyeziandika ni yeye.

Kicheko kikabaki mdomoni hakijui pa kwenda.

Akawekwa tena kidevu mbele ya miduara. Safari hii daktari hakumwita aone picha. Alizunguka meza, akakaa karibu naye.

"La kushoto bado tunaliwahi. Leza na kukaza, yote mawili, lakini ni sasa hivi. La kulia..." akashusha pumzi. "La kulia litakazwa tu. Leza imeshatupita."

"Kulia ndilo ninalopimia mstari. Kushoto nafumba."

"Pole sana."

"Ningekuja siku ile mlipopiga, mngeliwahi?"

Daktari angeweza kusema hakuna ajuaye. Hakusema hivyo. "Siku ile ingewezekana," akasema.

Pale mapokezi akaulizwa wampigie kwa namba gani. "Msinipigie," akasema Msasa. "Nipeni siku, nitakuja na miguu yangu."

Gereji aliikuta inanguruma. Nyundo alikuwa ameinamia mlango wa gari, grenda inatema cheche. Msasa akapapasa ukuta mpaka kwenye waya, akauchomoa. Kimya kikaanguka puu.

"Walipiga, kaka?"

"Nani?"

"Kaka. Walipiga?"

Aliyejibu hakuwa Nyundo. Alikuwa wifi, kasimama mlangoni na birika la chai. "Walipiga," akasema.

Msasa akageukia ile sauti. "Wifi! Na wewe?"

"Nilimwambia akwambie. Mungu shahidi yangu, nilimwambia asubuhi na jioni."

"Na mimi je, uliniambia? Umenisomea makopo yote ya gereji hii. Hilo moja ndilo lililokushinda kusoma?"

Wifi akaliweka birika chini.

"Sikia, mdogo wangu," Nyundo akaanza. "Mimi nilikuwa nakulinda. Baba alikuacha mikononi mwangu. Nikae tu nione wanalisaga jicho lako halafu wanalichoma? Yule ana vitabu, mimi nina moto. Moto naujua!"

"Ungekwenda ukamuuliza. Angekuonyesha ile miduara. Ungeelewa kuliko mimi, kaka, wewe ndiye uliyenishikia taa nikiwa mdogo! Ungemwambia hofu yako, naye angekwambia kwamba ile dawa ya njano ndiyo inayoushika mwanga usifike ndani. Nimemuuliza leo. Amenijibu kwa maneno mawili tu."

"Ningejuaje..."

"Na mabasi?"

"Mabasi gani?"

"Kaka."

Nyundo akaigeuzageuza grenda iliyokufa mikononi. Nje honi zilipigwa zikaacha. "Ungeondoka," akasema mwisho, kwa sauti ya mtu anayetapika mfupa. "Nilihofia jicho, wallahi nilihofia. Na hilo pia."

Na hilo pia! Hofu peke yake Msasa angeimeza. Ingemkwama, ingemchubua, lakini ingepita. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawasemi ufanye nini kama kikulacho ndicho kilichokuvisha hiyo nguo, kikakufunga vifungo, kikakufundisha na kazi.

"Kila asubuhi nilikuuliza," akasema, na hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Waongo wengine wana kazi, inabidi waufiche uso. Wewe hata hukujisumbua. Ulijua sikuoni."

Akatoka.

Siku ya tiba aliambiwa aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Alisimama barabarani akipunga mkono kwa kila kivuli cheupe mpaka kimoja kikasimama, na sauti anayoijua ikasema, "Panda. Nyoka wangu sikukubali kaka yako amfute, naye anakukumbuka." Dereva wa teksi hakuuliza maswali njiani. Alisema tu kwamba atangoja hapo nje, hata wakimchelewesha, na kwamba akimaliza kusikiliza redio ataanza kuimba mwenyewe, kwa hiyo wasichelewe.

Wakamdondoshea dawa ya ganzi, jicho la kushoto likabaki wazi lisisikie kitu. Leza ilikuwa na mlio kama wa kutatarika, na harufu ya unywele ulioungua. Ilikwisha kabla hajamaliza kuogopa. Kisha dawa ya njano, tone juu ya tone, muda mrefu, dunia nzima ikawa ndani ya chupa ya soda. Halafu ule mwanga. "Utazame," akasema daktari, "usihame." Msasa akautazama mwanga wa zambarau ambao kaka yake alimwibia miezi yote ile. Haukuchoma hata kidogo.

Uchomaji ulikuja baadaye, chumbani kwake, ganzi ilipokwisha. Mchanga! Jicho limejaa mchanga, chozi linamwagika kama bomba bovu, vilevile kama Nyundo alivyosema. Msasa akakaa kitandani, ameibana mikono mapajani isije ikafikicha, na kwa muda fulani, Mungu amsamehe, alimwamini tena kaka yake. Alisema kweli. Wamenitoboa.

Akampigia dada wa mapokezi kwa simu mpya, aliyoinunua hatimaye. "Inauma kama mchanga!"

"Ndiyo, mpenzi, si tulikwambia? Ngozi ya juu ya jicho inaota upya chini ya ile lenzi laini tuliyokufunika nayo. Siku chache. Meza vidonge, usifikiche, lala."

Nje ya mlango viatu vizito vilisimama. Hakuna viatu vingine vizito hivyo uani pale.

"Kunauma?" Nyundo akauliza kupitia ubao.

Msasa alingoja viatu viondoke. Vilichelewa sana kuondoka.

Jicho halikufunguka kama pazia, msidanganyike na sinema. Lilianza na ukungu, likarudi nyuma, likaja mbele. La kulia nalo likakazwa, likasimama pale lilipofikia, na kivuli chake. Hilo halikurudi. Lakini asubuhi moja, na miwani mipya usoni, Msasa alifumba la kulia, akatazama waya wa kuanikia nguo. Ulikuwa mmoja. Akauhesabu tena kama mjinga. Mmoja.

Akaenda gereji. Nyundo alikuwa amemaliza mlango wa gari, puti kapaka mwenyewe, rangi kapiga mwenyewe. Alipomwona akaruka kuwasha taa ndefu ya mrija, akaishika juu kwa mikono miwili kama zamani.

"Niangalizie," akasema. Alikuwa anaomba zaidi ya hilo, kila mtu pale alijua.

Msasa akafumba jicho la kulia. Ndani ya rangi taa ilikuwa imenyooka, imenyooka, imenyooka, halafu karibu na kitasa ikajikunja.

"Hapa."

Nyundo akapitisha kiganja. "Sihisi kitu."

"Najua."

Akakitungua kipulizio chake cha rangi kwenye msumari, akakifunga kwenye kanga kuukuu. Wifi alikuwa analia mlangoni, Msasa akamgusa bega akipita, si zaidi ya hapo. Barabara akaivuka kwa macho safari hii.

Gari la kwanza alilopewa ng'ambo kule halikuwa basi. Lilikuwa teksi ile ile, na dereva wake alimsumbua msimamizi mpaka akaruhusiwa kuliingiza. Msasa akaufuta ule mstari wa zamani, akabana pumzi, akavuta mpya toka taa ya mbele mpaka ya nyuma.

Dereva akachuchumaa, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda.

"Umenyooka," akasema kwa masikitiko. "Sasa nyoka wangu nitampata wapi? Nilishamzoea!"

Mafundi wa mabasi wakacheka, na kicheko kikafika mpaka ng'ambo. Msasa aliosha kipulizio chake kwa tina, hakutazama upande ule. Angetazama angeona, maana sasa angeweza kuona: Nyundo kasimama mlangoni mwa kibanda cha baba yao, chini ya namba yake nyekundu, akiutazama ule mstari toka huko alikokuwa. Kisha akarudi ndani, akashusha kofia yake usoni, akainama juu ya bati.

Cheche hazikutoka.